Dungu la Kulungu: Lipi Ujenge, Lipi Ununue

Aliyekulia bonde la Rufiji hahitaji kuelezwa dungu ni nini. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Watu hukaa humo msimu mzima wakilinda mazao, na mto ukifurika maji hupita chini. Ukihamia Iowa au Minnesota na kumsikia jirani akisimulia kiti chake cha juu ya mti, anakokaa tangu alfajiri akimsubiri kulungu, elewa kwamba anazungumzia dungu. Tofauti ni kwamba wa Rufiji anataka mnyama amwone akimbie, na wa Iowa anataka mnyama apite karibu asijue kuna mtu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua dungu likae wapi, lijengwe kwa vifaa gani, na wewe ulipande vipi.

Naandika kwa ajili ya Waswahili walioko Marekani, wa pwani, wa bara na wa Kongo, wanaoona majirani wakijaza friza kwa nyama ya vuli moja na kutamani kujaribu. Wengi wakifika dukani na kuona bei, huamua kujijengea. Nami napenda sana kujijengea. Lakini nina kanuni moja ambayo sijaiacha: cha ardhini jitengenezee, cha kwenye mti kinunue.

Kwanza karatasi. Kwa aliyetoka Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, neno lenyewe linanukia ujangili. Marekani kila jimbo lina msimu wake, leseni yake na idadi ya wanyama unaoruhusiwa, na tangu sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 kodi ya silaha na risasi hurudi kwenye kazi ya kutunza wanyamapori. Iowa, kwa mfano, aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1972 hauziwi leseni ya kawaida ya kuwinda mpaka amalize mafunzo ya uwindaji, na kumwekea kulungu chambo cha mahindi ni kosa. Texas, kwenye shamba la mtu binafsi, chambo kinaruhusiwa. Usichukue sheria ya rafiki aliye jimbo jingine ukadhani ni yako. Kuhusu bunduki, uliza mapema hadhi yako ya uhamiaji inakuruhusu nini. Mwenye viza ya kutembea yuko chini ya masharti tofauti na mwenye ukaazi wa kudumu, na kosa hapo si la faini ndogo. Na kama ardhi ni ya mkulima, nenda mchana, bisha hodi, jitambulishe, omba. Wengi wana kulungu wanaokula mahindi yao na hawakatai mtu mwenye adabu.

Sasa mnyama mwenyewe. Kulungu anayewindwa zaidi mashariki na katikati ya Marekani ni yule wa mkia mweupe. Akishtuka huuinua mkia kama kitambaa na kutoweka. Macho yake hayaoni rangi kama yetu. Rangi ya chungwa kali, ambayo sheria za majimbo mengi zinakutaka uvae ili mwindaji mwenzako akuone, kwake ni kama kijivu tu. Bluu ndiyo anayoiona vizuri, kwa hiyo suruali ya jinzi inakufichua kuliko kofia ya chungwa. Sabuni za kufulia zenye kung'arisha nguo nazo huziacha zikimulika kwa mwanga ambao sisi hatuuoni na yeye anauona. Hata hivyo macho si shida kubwa. Kinachomkamata mtu ni mwendo wa mkono na harufu.

Harufu ndiyo kubwa kuliko zote, na hakuna kibanda, cha dola 50 wala cha dola 3,000, kitakachokusaidia kama upepo unatoka kwako kwenda kwake. Kabla ya kuchagua mti au kichaka, simama mahali hapo siku kadhaa ukiwa na chupa ndogo ya unga laini, poda ya mtoto isiyo na manukato inatosha, upulize na uangalie unakwenda wapi. Utashangaa. Kwenye mteremko, asubuhi jua likianza kupasha ardhi hewa hupanda kwenda juu ya kilima. Jioni ardhi ikipoa hewa hushuka bondeni. Mahali panapofaa alfajiri panaweza kukusaliti saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo mwenye akili huandaa sehemu mbili, na asubuhi anapoamka anauliza upepo kwanza ndipo anaamua aende wapi. Upepo ukiwa mbaya kwa zote mbili, akae nyumbani anywe chai.

Tafuta pale njia zao zinapokutana: kona ya shamba la mahindi na msitu, shingo nyembamba ya miti inayounganisha misitu miwili, kivuko cha kijito. Tafuta mialoni. Kokwa za mwaloni mweupe, ambao ncha za majani yake ni za mviringo, hazina uchungu mwingi kama za mwaloni mwekundu wenye majani ya ncha kali, na zikianguka kulungu huzifuata. Angalia pia vigogo vidogo vilivyochubuliwa kwa pembe, na sehemu dume alizoparura udongo. Katikati ya Novemba, wakati wa kupandana katika majimbo mengi ya kaskazini, madume hutembea hata mchana, na dungu lililowekwa kwenye njia ya majike hulipa.

Maficho ya ardhini

Hapa ndipo mikono yako ina kazi. Maficho rahisi kabisa hayana gharama: mti ulioanguka, matawi makavu yaliyoegemezwa, na wewe umekaa nyuma yake kwenye kiti kifupi. Wageni hukosea kwa kujenga ukuta mnene mbele na kuacha mgongo wazi. Fanya kinyume. Mnyama anaona umbo lako kwa sababu ya mwanga ulioko nyuma yako. Mgongo ukiwa na kichaka kizito au shina pana, mbele panatosha matawi machache yanayofika kifuani ukiwa umekaa. Matawi ya mierezi ni mazuri kwa sababu hayapotezi majani upesi na yana harufu yake. Kwenye ardhi ya umma usikate miti hai, okota iliyoanguka.

Hatua inayofuata ni magunia. Nunua kitambaa cha gunia, kile cha rangi ya udongo, mita nne au tano, chomeka fito nne ardhini, kizungushe, kisha chomeka majani na mabua ya mahali hapo kwenye nyuzi zake. Gunia halimetameti juani na halipigi kelele likiguswa na matawi. Nalipenda kuliko turubai la plastiki, ambalo hulia kila upepo ukipita. Kwenye shamba la mtu aliyekuruhusu, paleti tatu za mbao zilizosimamishwa na kuunganishwa kwa skrubu, zikafungwa mabua ya mahindi, ni maficho ya miaka kadhaa. Paleti nyingi hutupwa nyuma ya maduka; omba kabla ya kuchukua.

Dukani utakuta hema la kuvizia, linalofunguka kama mwavuli na kusimama kwa dakika moja. La kawaida ni kati ya dola 100 na 300. Linafaa sana kwa mwenye mtoto, kwa mzee wa magoti mabovu, na siku ya mvua, kwa kuwa ndani yake unaweza kujigeuza bila kuonekana. Lakini lina masharti. Ndani ni jeusi, kwa hiyo vaa shati jeusi na sura uifunike. Fungua madirisha ya upande mmoja tu, maana ukifungua ya mbele na ya nyuma utaonekana kama kivuli kwenye pazia. Litangulize shambani wiki mbili au tatu kabla ya msimu. Bata mzinga hajali hema lililochipuka usiku mmoja. Kulungu anajali, hasa jike mzee, naye atasimama mbali akipiga mguu chini mpaka wenzake wote wajue. Lifunge kwa kamba na vigingi, livalishe matawi, na msimu ukiisha liondoe: jua hula kitambaa na theluji huvunja fito.

Ukiwa ndani ya hema, rangi ya chungwa uliyovaa haionekani nje. Ndiyo sababu Minnesota inataka hema la kitambaa kwenye ardhi ya umma liwe na kifuniko cha rangi kali juu yake kinachoonekana pande zote, au inchi za mraba 144 za rangi hiyo kila upande, yaani kipande cha futi moja kwa futi moja. Weka hata kama jimbo lako halidai.

Jambo moja la ardhini halisemwi vya kutosha. Aliye juu ya mti risasi yake inaelekea chini, ikimkosa mnyama inaingia udongoni. Aliyekaa chini risasi yake inakwenda sambamba na ardhi, na ikikosa, au ikimpita mnyama, inaendelea. Kwa hiyo maficho ya ardhini yawekwe yakitazama mwinuko: ukingo wa mto, kilima, tuta. Kabla ya msimu kaa kwenye kiti chako na uchore moyoni pembe unazoruhusiwa kupiga na zile usizozigusa, ile yenye nyumba, barabara, ghala. Kama hakuna mwinuko popote, hapo si mahali pa bunduki.

Kibanda cha nguzo

Huyu ndiye ndugu halisi wa dungu la Rufiji, na ndiye ninayemfurahia zaidi kumjenga. Cha kununua, cha plastiki ngumu au fiberi, huanzia zaidi ya dola elfu moja. Cha kwako, ukiwa na mbao za kuokoteza, kinaweza kukugharimu robo ya hapo. Ila kijengwe kwenye ardhi yako au kwa ruhusa ya mwenye ardhi, kwa sababu hakihamishiki kirahisi.

Plaiwudi Marekani huuzwa futi nne kwa nane, basi panga vipimo visivyopoteza ubao. Sakafu ya futi nne kwa sita inamtosha mtu mzima na mtoto. Nguzo ziwe za inchi nne kwa nne, zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, na zipanuke kuelekea chini kama miguu ya mtu aliyejizatiti. Nguzo zilizosimama wima huyumba. Weka mbao za msalaba kila upande, tumia boliti na skrubu, usitegemee misumari. Vikono vya chuma vya kuunganishia nguzo na sakafu vinunue, havina bei kubwa na pembe zake zimepimwa. Kisha kifunge kibanda ardhini kwa nguzo za chuma au waya, kwa sababu upepo wa tambarare hukipindua kama sanduku tupu. Futi tano za kimo zinatosha nchi ya mahindi. Badala ya ngazi ya wima, jenga vipandio vyenye mkono wa kushika. Utapanda gizani, umevaa nguo nzito, na pengine kuna barafu.

Madirisha pima ukiwa umekaa kwenye kiti utakachotumia, si kwa rula peke yake. Kiwiko chako kiegemee kizingiti bila kuinua bega. Mwenye upinde anahitaji dirisha jembamba refu, na dari ya juu ili ncha ya upinde isigonge. Paa litelemke nyuma. Tandika zulia kuukuu sakafuni na kwenye vizingiti. Buti likigonga plaiwudi asubuhi ya baridi husikika mbali kuliko unavyofikiri. Mlango uwe nyuma. Bawaba zipake grisi. Agosti kikague, kwani nyigu wanapenda vibanda kuliko wawindaji.

Kipasha joto cha gesi kimeua watu ndani ya vibanda kama hivi. Moto unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nawe husinzia tu. Acha upenyo juu na chini, au vaa nguo zaidi na kiache nyumbani.

Juu ya mti

Mzee mmoja niliyewahi kuwinda shambani kwake alinipeleka kwenye mwaloni wenye ngazi ya mbao zilizopigiliwa misumari miaka mingi iliyopita. Ubao wa tatu ulikuwa unaonekana mzima. Aliusukuma kwa kidole gumba ukadondoka. Mti hukua, na unapokua husukuma ubao utoke kwenye msumari. Mti huyumba kwenye upepo, na tundu la msumari hupanuka. Maji huingia humo, ubao ukaoza kwa ndani huku nje umepauka vizuri. Hakuna jicho linaloweza kukagua hilo. Misumari hiyo pia huumiza mti, huharibu thamani ya gogo, na siku moja msumeno wa mtu utaikuta. Majimbo mengi yanakataza kutoboa miti ya umma. Ndiyo maana nasema: cha mtini kinunue.

Kwa anayeanza, chagua dungu la ngazi: kiti kilicho juu ya ngazi ya chuma inayoegemea mti, futi 15 hadi 18. Halipandishwi na mtu mmoja. Tafuta wenzako wawili, mmoja akanyage mguu wa ngazi, na mikanda ya kulifunga mtini ikazwe kabla ya yeyote kukaa. Lile la kuning'inizwa, jukwaa dogo linalofungwa kwa mkanda na kupandwa kwa vipandio vya kufunga, ni jepesi na linajificha vizuri, lakini hutaka uzoefu. Lile la kukwea, la vipande viwili unavyovipandisha kwa zamu, linahitaji shina lililonyooka lisilo na matawi wala barafu. Viunganishe vipande hivyo kwa kamba, cha chini kisije kikakuponyoka ukabaki juu umekaa huna pa kukanyaga.

Mti uwe hai. Tangu mdudu wa kijani anayekula miti ya ash alipogunduliwa Michigan mwaka 2002, misitu ya majimbo mengi imejaa miti hiyo ikiwa imekufa imesimama, nayo hukatika ghafla bila onyo. Ukiona gome linabanduka na vijifereji vya kupindapinda kama nyoka chini yake, ondoka. Usipande zaidi ya futi 20. Kadiri unavyokwenda juu pembe ya kupiga inakuwa mbaya, mapafu yote mawili hayapatikani, na mnyama anakwenda kufia mbali kwa maumivu.

Soma uzito ulioandikwa. Mara nyingi ni pauni 300, na hesabu ni pamoja na makoti, mkoba na bunduki. Tafuta alama ya TMA, chama cha watengenezaji wa viti hivi, kinachoweka viwango vya majaribio. Cha mtumba sikikatazi, ila mikanda yote itupwe ununue mipya, na uangalie kama hakijarudishwa kwa kasoro.

Sasa mshipi wa mwili mzima, ule wa kifua, mabega na mapaja. Watu wengi hawaanguki wakiwa wamekaa. Huanguka wakipanda, wakishuka, na katika ile hatua ya kuvuka kutoka ngazini kwenda kitini. Kwa hiyo mshipi unaofungwa ukishafika juu umechelewa. Funga kamba ya usalama kutoka juu ya kiti mpaka chini ya mti, yenye fundo la Prusik ambalo huteleza ukilisogeza kwa mkono na kukaza likivutwa ghafla. Jiunganishe miguu ingali ardhini, usijifungue mpaka irudi ardhini. Panda ukiwa na sehemu tatu za mwili zimeshika kila wakati, miguu miwili na mkono au mikono miwili na mguu. Bunduki usipande nayo: itoe risasi, ifunge kwa kamba, uivute ukishakaa.

Na jizoeze kuanguka. Chini kabisa, futi moja kutoka ardhini, mwenzako akiwa kando, jiachie uning'inie ujue inakuwaje. Mtu akining'inia bila kusogeza miguu damu hushindwa kurudi moyoni, akaweza kuzimia na kufa ilhali hajavunjika hata kidole. Mishipi mizuri ina kitanzi cha kukanyagia. Anza kukitumia papo hapo, sukuma kwa miguu yote miwili, piga simu. Simu iwe mfuko wa kifuani, mkono unapofika, si ndani ya mkoba ulioutundika tawini. Mshipi uliokuokoa mara moja usiuvae tena.

Asubuhi yenyewe

Ingia kwa njia isiyokatiza njia zao, hata kama ni ndefu. Fika nusu saa kabla ya mwanga. Jua liwe nyuma yako. Usikalie dungu lile lile siku tatu mfululizo. Harufu yako hubaki, na kulungu ana kumbukumbu. Muislamu asome bismillah anapofyatua, na akimkuta mnyama angali hai amchinje. Jike mmoja aliyekomaa anakupa kilo 20 hivi za nyama isiyo na mfupa, na ni nyama konda, mpishi asiikaushe.

Msimu ukiisha rudi ufungue mikanda. Iliyoachwa mwaka mzima hupaushwa na jua, hutafunwa na kindi na kukatwa na mti unaonenepa, na mwakani utaiona iko pale pale ukadhani ni salama.

Na usiku wa kuamkia siku yako ya kwanza, kabla hujazima taa, mwonyeshe mkeo, mumeo au jirani yako kwenye ramani mti wenyewe ulipo, mwambie utashuka saa ngapi, na umwambie ampigie nani usiporudi.